Tanga hadi Pemba kwa ndege: kilomita 84, lakini kwa njia ipi?

Kabla sijakata tiketi niliiuliza simu: uwanja wa ndege wa Tanga hadi uwanja wa Karume kule Pemba ni umbali gani? Tovuti moja ikajibu kilomita 84, dakika 6. Sita! Nikajua wamepiga hesabu kwa mwendo wa madege makubwa, yale ya kilomita 800 kwa saa. Sisi huku tunapanda Caravan, kindege cha injini moja chenye viti kumi na kidogo, na mwendo wake ni kama kilomita 300 kwa saa. Hapo unapata dakika 17, halafu uongeze za kupaa na kujipanga kutua.

Mimi na meli hatupatani. Mkondo wa Pemba una kina cha mita mia kadhaa, na siku ya upepo unatapika mpaka chai ya jana. Tena meli yenyewe haiondoki kila siku. Ndiyo maana safari hii nikaamua kutoboa mfuko.

Pale Tanga hupimwi begi tu, na wewe unapanda mzani. Kikomo cha mzigo kilikuwa kilo 15; mkungu wa ndizi wa shemeji ukabaki Tanga. Mama mmoja akakalishwa mbele kabisa, kando ya rubani, akashika mkoba wake kama anaogopa kugusa kitu.

Tukapaa, mji ukapita chini, na bahari ikaanza palepale. Kaeni dirisha la kulia, nawaambia. Karibu na mwisho utaiona Misali, kisiwa cha msitu kilichozungukwa na mchanga mweupe, na maji ya matumbawe yanabadilika rangi mpaka unasahau kelele za injini. Kelele zipo, hamtazungumza. Nilitazama saa magurudumu yalipoachia ardhi na yalipogusa tena: dakika 21.

Kichekesho ni kwamba kutoka uwanjani hadi Wete, nilikokuwa nakwenda, gari lilikula karibu saa nzima. Ukijumlisha na kufika uwanjani mapema, safari yangu ya dakika 21 ilichukua asubuhi yote.

Kurudi ndiko kulikoniudhi. Tiketi iliandikwa Pemba–Tanga tu. Tumeshapaa ndipo nikaona pwani inakaa upande nisioutarajia: tunakwenda kusini. Kumbe tunapitia Unguja! Pemba hadi Unguja ni kama kilomita 125, na Unguja hadi Tanga nyingine 126 hivi. Zile 84 zikawa 250, mara tatu, na katikati nikakaa kwenye benchi kwa saa nzima na dakika kumi nikinunua maji kwa bei ya uwanjani. Yule aliyeniuzia hakunitajia neno, na nauli ilikuwa ileile ya kwenda.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kulipa si kilomita ngapi. Uliza, "Inakwenda moja kwa moja au inapita Unguja?" Na uulize kwa siku yako hasa, maana ratiba ya Jumanne si ya Ijumaa.

Rubani nampa tano kwa tano, alitutua laini kama anaweka yai. Aliyeniuzia tiketi nampa mbili. Msimu wa karafuu nitapanda tena, mkungu wa ndizi nitautanguliza kwa meli.