Maabara ya Bukavu inayojua kutunza sampuli za jongo

Daktari wa Bukavu anayetafuta mahali pa kupeleka uvimbe aliomkata mgonjwa wa jongo anaweza kuitegemea maabara ndogo ya histolojia (uchunguzi wa tishu kwa hadubini) iliyoko Ibanda, ambayo naitumia mara kwa mara. Ukiwapigia simu, fundi anakuuliza kwanza kama sampuli imekwisha kutiwa formalini, dawa ya kawaida ya kuhifadhia tishu. Ikiwa bado, anakuletea chupa ya alkoholi isiyochanganywa na maji.

Swali hilo ndilo linaloamua kila kitu. Fuwele za urati ya sodiamu, yaani chembe za chumvi zinazosababisha jongo, huyeyuka katika maji, na formalini ya asilimia 10 tunayoitumia kila siku ni maji kwa sehemu kubwa. Sampuli ikilala humo, fuwele huyeyuka, na mpatholojia hubakiwa na madoa yaliyopauka yaliyozingirwa na makrofaji (seli za kinga zinazomeza uchafu) na seli kubwa zenye viini vingi. Mzoefu atashuku jongo, lakini fuwele zenyewe hatakuwa ameziona. Maabara nyingine iliwahi kunirudishia majibu ya namna hiyo bila kutaja jongo hata kidogo, na mgonjwa akaendelea kutibiwa baridi yabisi.

Hapa uangalifu hauishii kwenye chupa. Tishu hutoka kwenye alkoholi, ikapita kwenye zailini (kiyeyushi kisicho na maji), ikaingia kwenye nta ya parafini, na vipande vilivyokatwa haviachwi vielee muda mrefu juu ya maji ya vuguvugu, kwa kuwa fuwele zilizonusurika zinaweza kupotelea hapo. Slaidi moja huachwa bila rangi yoyote. Nilioneshwa slaidi hiyo chini ya hadubini ya mwanga uliopolaraizwa: sindano nyembamba zilijaa kwenye kiini cha uvimbe, zile zilizolala sambamba na mhimili wa kifidiaji (kichujio cha hadubini kinachozipa fuwele rangi) zikiwa njano na zilizokingama zikiwa buluu. Fuwele za pirofosfati ya kalsiamu, ambazo huleta maumivu yanayofanana na jongo, huonesha rangi hizo kinyume.

Nina malalamiko mawili. Alkoholi hukakamaza tishu, na baadhi ya slaidi zao zina mikunjo na michaniko ambayo kisu kikali zaidi kingeipunguza. Tena, chupa husafirishwa kwa pikipiki bila onyo kwamba kilichomo kinashika moto upesi. Hilo lirekebishwe mara moja.

Uvimbe ukiwa mkubwa, naomba wenzangu waugawe: sehemu moja iende kwenye alkoholi, nyingine kwenye formalini kwa ajili ya uchunguzi wa kawaida, na neno «jongo» liandikwe waziwazi kwenye fomu.