Bendeji za haidrojeli zenye fedha: nilivyoziona kwenye kidonda cha ekzosi

Kwa maumivu nazipa alama zote. Kwa bei, na kwa namna zinavyokaa mwilini kwenye joto hili la Mombasa, hapo tuna maneno.

Kidonda changu ni cha kuungua na ekzosi, lile bomba la moshi la bodaboda, kwenye shavu la mguu. Kovu la namna hiyo, ukipita mtaa wa Kisauni utadhani ni sare, kila mguu unalo. Kilivimba, kikaanza usaha, ngozi ya pembeni ikawa ya moto. Jirani akashauri dawa ya meno, shangazi akaleta asali. Asali si mzaha, hospitali zina bendeji za asali iliyosafishwa kwa mionzi, lakini ile ya chupa ya sokoni si hiyo. Sista wa zahanati alikiosha kwa maji ya chumvi ya hospitali, akatoa ngozi iliyokufa, akaniandikia antibayotiki za kumeza, ndipo akanituma duka la dawa nikanunue haidrojeli yenye fedha.

Ni karatasi laini, inang'aa, inateleza kama nyama ya dafu changa. Sehemu yake kubwa ni maji. Madini ya fedha yaliyomo, yakikutana na unyevu wa kidonda, hutoa chembe zinazoharibu ukuta wa bakteria. Maji nayo hulainisha ule utando wa njano wa uchafu na ngozi iliyokufa mpaka ubanduke wenyewe. Tangu mwaka 1962, George Winter alipofanya majaribio kwa nguruwe, inajulikana kwamba kidonda chenye unyevu huota ngozi haraka kuliko kinachoachwa kikauke. Na bado huku kwetu kila mtu atakwambia, "Kiachie upepo!"

Sasa raha yenyewe. Aliyewahi kubanduliwa shashi iliyokaukia kwenye kidonda anajua: inatoka na nyama mpya, damu inaanza upya, na wewe umeng'ata leso. Hii haikushika. Unainua pembe, inakuja yote. Na ukiiweka, ule moto unazima papo hapo. Usiku wa kwanza nililala kama sina kidonda.

Ila jiandae utakapoifungua mara ya kwanza. Nilikuta uji wa njano wenye harufu, nikapiga simu zahanati huku natetemeka. Kumbe ni jeli iliyochanganyika na uchafu ulioyeyuka. Sista alinambia nioshe kwanza, halafu ndio niangalie. Kidonda kitaonekana kimepanuka kidogo pia, kwa sababu kilichokuwa kimekifunika kimeondoka. Lakini kama wekundu unatambaa, au una homa, hapo si jeli tena, nenda hospitali.

Lawama zangu. Aina niliyouziwa haina gundi, kwa hiyo unanunua na ya kuifunika juu. Panda feri ya Likoni saa nane mchana uone: jasho linateremka, plasta inabanduka, jeli inakimbilia kifundoni. Kilichonisaidia ni bendeji ya kuzungusha, si plasta. Pili, karatasi ikizidi ukubwa wa kidonda, ngozi ya pembeni isiyo na kidonda inalowa, inakuwa nyeupe na kukunjamana, kwa hiyo ikate kwa mkasi safi. Tatu, bei. Maduka mawili ya barabara moja yaliniuzia kitu kilekile, moja likitaka karibu mara mbili ya jingine. Uliza kwanza kama wanauza kipande kimojakimoja, na usome pakiti, kwa maana ipo jeli tupu isiyo na fedha na muuzaji anaweza kukupa hiyo bila kusema.

Yenye fedha pia haitumiwi miezi na miezi. Usaha ulipokwisha, sista alinihamishia kwenye jeli tupu, na mfuko ukapumua.

Zilibaki karatasi chache. Baba mkwe, ambaye ana kisukari na kidonda cha unyayo, aliziomba. Nilimwomba radhi, nikamwambia twende kliniki kwanza, maana mguu wa kisukari unaweza kuoza bila mwenyewe kusikia maumivu. Wakampima sukari, wakaangalia kama damu inafika vidoleni, na bendeji waliyompa ni nyingine kabisa, ya kufyonza, kwa sababu kidonda chake kinatoa maji mengi na haidrojeli ingezidisha kulowa.