Wiki mbili za kula nje Dar na mama mdogo: uliza saa kabla hujauliza mahali

Mama mdogo wangu alikuja kutoka Tanga mwishoni mwa Juni kwa ajili ya miadi ya macho. Miadi ikaisha siku ya pili, na tiketi ya kurudi tulikuwa tumeshakata ya wiki mbili mbele. Nikamwambia, "Mama mdogo, hapa kwangu hupiki. Tutakula nje mpaka siku ya kuondoka." Akacheka, akasema sawa, lakini atasema ukweli kuhusu kila sahani. Na kweli alisema. Huyu ni mwanamke aliyepika vitumbua Ngamiani, kule kule Tanga, kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukimwekea chakula mbele, kabla hajaonja ameshajua kimepikwa lini.

Nimeishi Dar miaka kumi na moja na watu huniuliza wakale wapi. Siku hizi nawajibu kwa swali: utakwenda saa ngapi?

Nianze na Feri, maana ndiko tulikokaa muda mrefu zaidi. Tulishuka kituo cha mwisho cha mabasi ya mwendokasi, Kivukoni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Soko la samaki liko hapo hapo jirani, na harufu ya bahari unaipata kabla hujavuka barabara. Mnada ulikuwa umeshachangamka. Dalali anasimama juu ya fungu la samaki lililomwagwa chini, anataja bei, wanaopandisha wengine wanainua kidole tu, wengine wanatikisa kichwa, na usipokuwa makini fungu limeshauzwa na linapakiwa kwenye ndoo. Wanunuzi wengi ni wachuuzi wenye matenga na akina mama wakaangaji. Bei ilikuwa juu. Mama mdogo hakushangaa hata kidogo. "Kusi hilo," alisema, akiangalia maji yalivyochafuka nje. "Vyombo vidogo havitoki kila siku. Samaki wa kipindi hiki lazima uwe nazo mfukoni."

Alipita meza tatu bila kununua. Kijana mmoja alimwonyesha kolekole mkubwa, anang'aa kwa maji aliyomwagiwa.

"Mama, wa leo huyu!"

"Mwanangu, huyu jicho limeshazama. Huyu kalala."

Akaenda meza ya nne, akachukua changu, akamfungua shavu kwa kidole gumba. Ndani kulikuwa kwekundu kama ua la mkomamanga. Akambonyeza tumboni, nyama ikarudi. Akachukua wawili kwa elfu kumi na nne, baada ya mabishano ambayo mimi ningeyaacha katikati. Kupara magamba elfu moja, kukaanga elfu mbili. Mkaangaji ana karai pana juu ya moto wa kuni, mafuta yanachemka mpaka yanatoa moshi mwembamba. Aliwachanja wale changu mistari mitatu kila upande, akapaka chumvi na ndimu, basi. Akamshika samaki mkiani, akamtelezesha kutoka pembeni mwa karai, polepole, mafuta yasiruke. Hakumgusa tena mpaka kingo zilipoanza kukunjamana na kuwa kahawia. Hapo ndipo alipomgeuza, mara moja tu. Mama mdogo alinigusa mkono: "Umeona? Hajamchokonoa."

Tulimla na ugali wa moto wa mama ntilie wa pembeni, wa elfu mbili kwa sisi wawili. Jumla elfu kumi na tisa, saa mbili asubuhi, na ninaandika hivi nikiikumbuka ile ngozi ilivyokuwa ikivunjika na nyama ndani bado ina maji yake. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nakula samaki wa kukaanga saa nane mchana karibu na ofisini kwangu, amekaangwa asubuhi, amerudishwa kwenye mafuta pale ninapoagiza. Nilishaamini changu ni samaki mkavu.

Urojo tuliufuata Magomeni, kwa mama mmoja wa Kizanzibari anayeuza barazani kwake. Saa kumi kamili alasiri, maana nilishapiga simu kuuliza atakuwa tayari saa ngapi. Wengi hapa Dar wanauita Zanzibar mix, ila yeye anasema urojo na ukimwambia mix anakusahihisha kwa upole. Alianza na viazi vya kuchemsha, akavikata kwa kijiko ndani ya bakuli. Bhajia za dengu, bado zinatoa sauti ya mafuta. Kachori moja, akaipasua. Mshikaki mmoja, akauvua kwenye kijiti kwa uma. Nusu yai. Kisha upawa wa rojo lenyewe, la njano ya manjano, lenye ukali wa embe mbichi, zito kiasi cha kushika nyuma ya kijiko. Juu yake chatini ya nazi, pilipili, na konzi ya mihogo iliyokwanguliwa ikakaangwa mpaka ikawa kama nyasi kavu. Elfu tatu.

Siri iko hapo: ile mihogo inatakiwa ilie mdomoni wakati rojo bado ni la moto, na bhajia ziwe zimelowa nje tu. Ukifika saa mbili usiku rojo limeganda, bhajia zimevimba na kuwa uji. Mama mdogo alimaliza bakuli, akaomba nusu nyingine, akamuuliza yule mama kama unga anaukoroga na maji ya baridi au ya moto. Walikaa wakizungumza mpaka adhana ya Magharibi. Sitaandika jibu alilopewa, ni la mwenye biashara.

Usiku ule ule, wakati wa kurudi, tukasimama kwa muuza pweza. Wanaoijua Dar wanaijua meza ile: sufuria la supu kwenye jiko la mkaa, kibao, kisu chembamba, pweza mzima wa rangi ya zambarau aliyelala, na vijiti vya meno vimesimama kwenye kikopo. Muuzaji anakata vipande vidogo, anachoma kijiti kila kimoja, wewe unachovya kwenye pilipili na kula ukiwa umesimama. Mwisho mnahesabu vijiti. Supu inakuja kwenye kikombe, ya moto, yenye ndimu. Wanaume waliozunguka meza walijisogeza kidogo kumpisha mama mtu mzima, wakamwamkia, naye akaitikia marahaba huku akiangalia sufuria.

"Pweza wako wa lini, kaka?"

"Wa leo, mama. Bamvua la jana na leo."

Akatikisa kichwa kukubali. Aliniambia baadaye kwamba hilo ndilo jibu alilokuwa analitafuta. Wakati wa bamvua maji yanakupwa sana, miamba inabaki wazi, wanaotafuta pweza wanatembea kwa miguu na kuwachokoa mapangoni mwao. Bamvua likipita pweza wanapungua, na anayekuuzia kwa wingi siku hizo huenda anakuuzia wa kwenye barafu. Nimezaliwa bara, hesabu ya mwezi na bahari nimefundishwa na mama huyu nikiwa nimesimama pembeni ya barabara na kijiti mdomoni. Nyama ililainika vizuri, haikuwa mpira. Ukimpata mgumu, ujue hakupigwa vya kutosha kabla ya kupikwa.

Sabasaba ilitukuta katikati ya safari yetu. Maonesho hayo ya biashara yanaanza tarehe 28 Juni na kuisha tarehe 13 Julai pale viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, na tarehe 7 yenyewe ni sikukuu. Usiende tarehe 7 kwa ajili ya kula. Sisi tulikwenda siku ya kazi, saa nne asubuhi, tukaingia kwanza kwenye mabanda ya wajasiriamali wadogo, wale wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, na wenzao. Hapo ndipo penye chakula cha kuonja: korosho za kusini, asali ya nyuki wadogo, achari za embe, viungo vya pilau vilivyosagwa. Mwuzaji ana muda wa kukueleza asali yake imetoka pori gani. Mama mdogo alinunua chupa moja ya asali na pakiti mbili za mdalasini, na kwenye banda la achari alikaa nusu saa akimwelekeza binti mmoja namna ya kukausha embe ili zisiote ukungu. Nyama choma tuliila saa sita, sinia la kwanza kutoka jikoni, na ndizi za kuchoma. Nzuri, ina chumvi ya kutosha, haikuwa na cha kunifanya niandike zaidi.

Sahani iliyoniuma ililiwa sehemu nyingine kabisa. Jumapili moja nilitaka kumpeleka mahali pa heshima, nikachagua mgahawa wa ghorofani wenye kuona bahari, bafe ya mchana, elfu arobaini na tano kwa mtu. Tukafika saa tisa. Vitambaa vyeupe, wahudumu wana adabu. Mama mdogo akachota pilau, akaiminya kwa kidole, akaiweka. "Mwanangu, hii imepikwa saa mbili asubuhi. Imekaa juu ya mvuke mpaka imechoka." Samaki wa nazi alikuwa na utando juu. Nilimwita msimamizi nikamwambia kwa heshima kwamba tumelipa elfu tisini na vyakula havijabadilishwa. Akajibu bafe ni hadi saa kumi, vinavyobaki ndivyo vilivyopo. Jibu lile lilinikera, na bado linanikera. Mtu anayelipa saa tisa analipa hela ile ile ya aliyelipa saa saba. Kama chakula hakiwezi kuwa kile kile, bei ishuke au mlango ufungwe. Mama mdogo alikula matunda tu, na njiani akawa ananibembeleza mimi nisiendelee kusikitika.

Nilimfidia Jumatano. Baada ya swala ya Magharibi tulipanda mwendokasi, tukashuka Kisutu, tukatembea hadi Mamboz, kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya. Pale meza zinatoka hadi nje na moshi wa mkaa unakuongoza. Tulichukua kuku wa gajjar, mishikaki na naan. Kuku anafika bado anachuruzika, rosti yake nyekundu imeshika kila kona, pilipili inakuja nyuma, taratibu, baada ya limau. Mama mdogo ambaye hapendi kula barabarani usiku aliusafisha mfupa mpaka ukawa mweupe. Foleni yake ndiyo inayokihifadhi chakula: kuku hana nafasi ya kupoa kabla ya kukufikia. Nendeni mapema kidogo, kabla ya saa mbili, mpate meza.

Addis in Dar, mgahawa wa Kihabeshi kule Mikocheni, tulikwenda mara moja. Injera ilimshinda mwanzoni, akasema ni mkate uliochacha. Nikamweleza kwamba unga wa teff unaachwa uchachuke siku kadhaa makusudi, kama yeye anavyouacha unga wa vitumbua uumuke. Hapo akaelewa, akaila yote, na mchuzi wa kuku wenye yai zima ndani akausifia. Kaeni mpaka kahawa.

Coco Beach jioni ya Jumamosi, mihogo ya kukaanga na pilipili, upepo wa kusi umetupuliza mpaka tukajifunga kanga mbili mbili. Hapo alikuwa mkali. Muhogo mzuri, alisema, ukiuchemsha unapasuka wenyewe na kuwa unga. Huu umekaangwa ungali na maji. Wa Tanga unaushinda. Mimi niliupenda. Kila mtu na ulimi wake, na elfu moja tuliyolipa ilistahili lile jua lililokuwa likizama nyuma yetu na watoto wakikimbia mchangani.

Siku ya kuondoka tulifika Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa kumi na moja alfajiri. Basi linatoka saa kumi na mbili na nusu. Nje kulikuwa na mama mmoja anayewasha mkaa, sufuria la supu ya ng'ombe limefunikwa. Nikasema tukanunue chapati za jana pale dukani, tusichelewe. Mama mdogo akaketi kwenye benchi, akaweka pochi yake mapajani.

"Tusubiri sufuria," alisema.

Tulisubiri dakika arobaini. Kifuniko kilipoinuliwa mvuke ukapanda mpaka usoni pake, akafumba macho yale yaliyomleta Dar, akavuta pumzi. Alipewa bakuli la kwanza, na ndimu nusu, na chapati iliyotoka kwenye chuma wakati huo huo. Kondakta alikuwa ameshaanza kuita Tanga, Tanga. Alimaliza supu yote.