Tathmini ya huduma: jaribio la lishe katika zizi la mfugaji mdogo

Huduma ninayoitathmini hapa haina bei iliyoandikwa popote, ingawa mfugaji huilipia kwa muda wake, kwa malisho yake na wakati mwingine kwa maziwa yake: mtafiti anakuja zizini na lishe mpya, na ng'ombe wa nyumba hiyo ndiye anayetoa jibu. Sisi tulishiriki huku Embu, nchini Kenya, katika jaribio la namna hiyo, lililoendeshwa na taasisi ambayo sitaitaja, na tulikubali kwa sababu kazi ya aina hii ina sifa njema katika eneo letu. Ni hapa ambapo katika miaka ya 1990 watafiti wa KARI na KEFRI, taasisi za Kenya za utafiti wa kilimo na wa misitu, pamoja na ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto cha miti, waliijaribu kaliandra, mti mdogo ambao majani yake hulishwa mifugo, kituoni na katika mashamba ya wafugaji wenyewe, wakaona kwamba kilo tatu za majani yake mabichi, sawa na kilo moja hivi yakikauka, zinaweza kushika nafasi ya kilo moja ya chakula cha dukani bila maziwa kupungua. Hesabu yao ya miti, yaani takriban 500 kwa ng'ombe mmoja anayelishwa kilo sita mbichi kwa siku mwaka mzima, bado huwaongoza wanaopanda kaliandra mipakani na kwenye kingo za matuta.

Kilichonivutia zaidi katika jaribio letu ni jinsi lilivyopangwa. Mfugaji mdogo ana ng'ombe mmoja au wawili, na kumlinganisha wake na wa jirani hakuna maana, kwa kuwa mmoja huenda amezaa juzi na mwingine anakaribia kuachishwa kukamuliwa. Kwa hiyo kila ng'ombe alilinganishwa na yeye mwenyewe: majuma matatu alikula chakula cha dukani juu ya nyasi zake za kawaida za napia, majuma matatu mengine akala kaliandra, na juma la kwanza la kila kipindi halikuhesabiwa ili tumbo lipate kuzoea. Nusu ya nyumba zilianza na lishe moja na nusu zikaanza na nyingine, kwani maziwa hushuka kadiri miezi inavyopita tangu kuzaa, na kama wote wangefuata mpangilio mmoja, lishe ya pili ingelaumiwa kwa jambo ambalo haikulisababisha. Haya yote tulielezwa kabla ya kutia saini, kwa subira ambayo sikuitarajia.

Daftari la kumbukumbu lilikuwa dhaifu zaidi. Lilikuwa na safu ya maziwa ya asubuhi na ya jioni tu, ilhali katika nyumba nyingi huku chuchu moja huachiwa ndama, na kiasi anachonyonya hubadilika kadiri anavyokua. Maziwa hayo hayakuonekana popote. Gharama ya kaliandra nayo ilihesabiwa kana kwamba majani hujikata na kujileta zizini. Katika boma letu mke wangu ndiye aliyeyakata na kuyabeba, na kama angeulizwa, angesema kwamba chakula cha dukani ni ghali lakini hukikuta kimekwisha kufungwa katika gunia. Swali hilo la kazi ya mikono ndilo ambalo kituo cha utafiti, chenye vibarua wake wa mshahara, hakiwezi kulijibu, na kulikosa baada ya kufika hadi zizini ni hasara ya bure.

Matokeo yalichelewa sana, na yalipokuja yalikuwa wastani wa nyumba zote kwa pamoja. Wastani una faida kwa mwandishi wa ripoti. Mimi nilitaka kujua ng'ombe wangu alifanya nini, hasa kwa vile takwimu zake zilitoka katika daftari tulilojaza wenyewe.

Hata hivyo ningeshiriki tena, na nawashauri wafugaji wenzangu wakubali wakiombwa, mradi mkataba uandikwe wazi nani atafidia maziwa yakishuka au ng'ombe akiugua, ndama apimiwe sehemu yake, saa za anayekata majani ziandikwe, na kila nyumba ipewe takwimu zake kabla ya msimu unaofuata wa kupanda.