Impela Ikikwaruza Bloku: Gasketi Nene au Presi?

Impela (gurudumu la mapanga linalosukuma maji) ya pampu mpya ya maji kwenye injini ya zamani ikikwaruza bloku, pima kwanza. Bandika udongo laini wa kufinyangia kwenye mapanga ya impela, funga pampu na gasketi yake, fungua, kisha pima unene wa udongo uliobaki: hilo ndilo pengo kati ya impela na bloku. Kwa pampu nyingi, milimita 0.5 hadi 1 inatosha.

Gasketi nene, inayosogeza pampu mbali na bloku, ni rahisi, ila pulei nayo husogea mbele na mkanda kulika pembeni. Pengo likizidi, maji husukumwa kivivu na injini huchemka kwenye foleni.

Presi, mashine ya kusukumia impela ndani zaidi kwenye shafti, huacha pulei mahali pake. Egemeza ncha ya shafti, kamwe si bodi ya pampu, la sivyo utaua beringi. Sukuma impela kidogo kidogo ukipima. Ikipitiliza, sili (kizuizi cha kuvuja maji) hubanwa mno, ikaungua. Kwa upungufu wa pengo unaozidi unene wa gasketi moja, chagua presi.