TAHADHARI: vishoka wa fidia wanaowafata majeruhi wa magari ya mchanga mpaka kitandani

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Naandika hapa nna uchungu wa kweli, nakuombeni muisome yote na mumsomee na mzee alokuwepo nyumbani, maana hawa watu wanawatafuta wazee.

Mdogo wangu kagongwa na gari ya mchanga njia ya Mahonda kwenda Kinyasini, yeye yuko na baskeli yake pembeni kabisa, gari inataka kuipita daladala ikamvaa. Paja limevunjika na kifundo cha mguu kimesagika, alhamdulillahi roho ipo. Siku ya pili tu, hata kikoi chake cha damu hakijafuliwa, akaja bwana mmoja wodini, shati jeupe limepigwa pasi, mkononi ana bahasha ya kaki, akamwamkia baba kwa adabu zote, shikamoo mzee poleni sana, mie wakili, kazi yangu ni hii ya wanaogongwa na magari makubwa. Akafungua bahasha, ndani mna kopi ya leseni ya dereva na namba ya gari, vitu ambavyo sisi wenyewe hatunavyo! Hapo ndo tulipomuamini, na hapo ndo ilitakiwa tushtuke. Mtu ana karatasi za ajali yenu kabla hamjazipata nyie, muulizeni kazipata wapi.

Akachukua 150,000 ya kufungulia faili, keshokutwa yake 80,000 ya "daktari wa asilimia", zote tumemtumia kwa simu na jina lililotokea si lile alotwambia, tukamuuliza akasema ni simu ya mkewe. Risiti hakuna. Na hiyo asilimia ya ulemavu sasa nshajua, daktari haandiki wakati mfupa hata haujashika, inaandikwa ukishatibiwa na kuonekana umebaki na kitu gani, kwa hivyo anaekudai pesa ya asilimia wiki ya kwanza anakula tu.

Kisha akamtolea baba karatasi mbili za Kiingereza. Baba miwani kaiacha nyumbani, mie nimeshuka chini kununua dawa, akaambiwa mzee weka dole hapa na hapa, hii ya kunipa ruhusa niwasemee. Nilivorudi nimekuta wino wa buluu umejaa kidole gumba, baba anajifuta na ncha ya shuka. Sikuuliza.

Baada ya wiki tano tumekwenda wenyewe kwenye bima ya ile gari, tukaoneshwa kopi. Karatasi ya pili inasema familia imepokea 600,000 malipo kamili na ya mwisho, na haitodai tena kwa dereva wala mwenye gari wala bima. Laki sita hatujaiona hata shilingi. Yule bwana simu haipatikani mpaka leo.

Sasa nisikilizeni, haya nimeyajua kwa kukaa kwenye mabenchi na kuuliza.

Kesi ya trafiki na fidia ni vitu viwili. Dereva akishtakiwa akatozwa faini ile pesa inakwenda serikalini, wewe hupati kitu, fidia yako unaidai mbali. Na wa kudaiwa si dereva peke yake, kama alikuwa kwenye kazi ya tajiri wake basi na tajiri anahusika, na gari inatakiwa iwe na bima ya lazima ambayo ipo kwa ajili ya watu kama mdogo wangu, yaani wale walogongwa. Kwa hivyo mtu asikwambieni dereva masikini hana kitu chukueni kidogo hichi muachane nae. Yule kishoka alimwambia baba hii ni kadari ya Mungu mzee, msishindane. Kadari tunaiamini sote, lakini kadari haifuti haki ya mtu, na kutumia dini kumnyamazisha mzee mbele ya mwanawe alovunjika ni dhulma kubwa.

Kwenye wakili pia tuwe macho. Zanzibar ina Mahkama Kuu yake na mawakili wake wanaandikishwa hapa hapa, mtu kuwa wakili Bara haimaanishi moja kwa moja kuwa anaweza kukusimamia mahkamani huku. Muulize jina kamili na ofisi yake iko wapi kisha nenda kaulizie Mahkama Kuu kama wanamjua. Wakili wa kweli hatokasirika kwa hilo. Wetu alipoulizwa ofisi alisema "niko mjini tu mzee nipigie".

PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, mnaichukua polisi wenyewe, kopi mnaweka na kila risiti ya dawa, na piga picha namba ya gari ukiweza maana bima yake inaangaliwa kwa namba hiyo kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kama ni ya kweli. Bima ikikuzungusha kuna TIRA wenyewe, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kama hamna pesa ya wakili nendeni Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, wanasaidia bure, na kwenye shehia nyingi wapo wasaidizi wa sheria, muulizeni sheha. Lakini msikae, madai yana muda wake, ukichelewa mlango unafungwa.

Na karatasi ya lugha usoijua usiitie dole, hata kama kakusimamia mtu, hata kama unaona muhali. Muhali ndo uliotuponza sisi, baba anasema niliona vibaya kumwambia kijana wa watu asubiri.

Msaidizi wa sheria alotusikiliza katwambia bado kuna pa kushika, kwa sababu mdogo wangu ana miaka 24, akili yake timamu, na hajamtuma mtu amtilie dole, kwa hivyo ile karatasi inapingika. Ndo tunaipigania. Tushafungua na jalada polisi kwa ule utapeli. Kama kuna familia nyengine kaja mtu wa bahasha ya kaki akakuchukulieni pesa, tafadhalini nendeni polisi mkatoe maelezo na nyie, na ule ujumbe wa muamala kwenye simu msiufute, sisi wetu ndo ushahidi pekee tulobaki nao.