Miezi saba na Philips 3200 LatteGo jikoni Tabata

Kwetu Kibosho, mlimani Kilimanjaro, ukisema "mashine ya kahawa" kila mtu anaiona ile ya chuma yenye mkono wa kuzungusha, iliyofungwa kwenye gogo karibu na pipa la maji. Ndiyo tuliyomenyea kahawa mbivu jioni baada ya kuchuma. Kaka anazungusha, mimi namwaga maji. Kisha kahawa inalazwa kwenye ndoo ichachuke mpaka ule utelezi uachie, inaoshwa, inaanikwa kichanjani, ikikauka inaingia kwenye gunia na kwenda chama cha msingi. Ikishatoka hairudi. Nyumbani tulikunywa chai.

Nayasema haya kwanza ili mjue kwa nini nimeitazama hii mashine nyingine, Philips 3200 LatteGo ya umeme ya kupikia kahawa, kwa macho makali. Dada yangu aliniletea kutoka Hamburg mwaka jana. Ina kilo 8, kwa hiyo ilikula sehemu kubwa ya mzigo wake wa ndege. Kule bei yake wakati huo ilizungukia euro 400 hadi 500. Unamimina kahawa ya punje juu, unajaza maji, unabonyeza. Inasaga, inashindilia, inapika, na machicha inayatupa yenyewe kwenye sanduku la ndani. Kuna espresso (kahawa nzito ya kikombe kidogo), kahawa ya kawaida, americano (espresso iliyoongezwa maji), na cappuccino na latte macchiato, zote mbili za maziwa yenye povu.

Kabla ya kahawa kuna plagi. Imekuja na ile ya Ulaya ya pini mbili za duara. Wengi huchukua adapta ya mtaani wakaendelea. Msifanye hivyo. Mashine inavuta wati 1500, na adapta ya bei rahisi nimeshawahi kuiona ikiyeyuka kwenye pasi. Fundi umeme alikata, akafunga plagi yetu ya pini tatu yenye fyuzi, dakika kumi kazi imekwisha.

Halafu maji, na hapa ndipo watu wa Dar tunapaswa kukaa kidogo. Ndani ya boksi kuna kikaratasi cha kupimia ugumu wa maji. Unakichovya sekunde moja, unasubiri dakika moja, unahesabu vyumba vilivyogeuka vyekundu. Maji ya kisima tunayouziwa mtaani yaligeuza vyote vinne. Ya bomba, viwili. Tangu siku hiyo maji ya kisima hayajagusa tangi lake, hata wiki ile bomba lilipokauka. Tulinunua ya dumu la kunywa. Chokaa ya maji magumu hujijenga kwenye mabomba membamba ya ndani, na mashine ikishaziba huna pa kuipeleka kirahisi. Kichujio kiitwacho AquaClean kinakaa ndani ya tangi la lita 1.8, na kampuni inasema ukikibadilisha kila taa inapokudai, vichujio vinane vinakufikisha vikombe 5,000 bila kusafisha chokaa kwa dawa.

Sasa kahawa yenyewe.

Kinu chake ni cha kauri na kina ngazi 12 za usagaji. Kigurudumu cha kubadilishia kimo ndani ya chombo cha punje, na kinageuzwa wakati kinu kinasaga tu. Kikiwa kimetulia usikilazimishe. Mwanzoni niliacha ngazi ya katikati. Espresso ikatoka mbio, nyepesi, na uchachu uliobaki pembeni mwa ulimi. Wiki ya kwanza nilisikitika sana, maana punje zilikuwa za Kilimanjaro, zimekaangwa Moshi siku tisa tu kabla. Kumbe kosa lilikuwa usagaji. Nikawa naelekea kwenye ulaini ngazi moja moja, kila mara nikipika vikombe viwili vitatu kabla ya kuhukumu, kwa sababu unga wa usagaji wa zamani bado umo njiani. Nilipofika ngazi ya tatu kutoka mwisho, kahawa ikaanza kushuka kama uzi wa asali, rangi ya njugu, na juu ikajifunika povu zito. Nikaonja bila sukari. Kulikuwa na utamu ndani yake ambao sikuwahi kuukuta kwenye kahawa ya kopo niliyoinywa miaka yote ya chuo na ofisini.

Kwangu mimi uzuri mkuu wa mashine hii uko hapo kwenye kinu na wala hauko kwenye wingi wa vinywaji. Inasaga cha kikombe hicho tu, inapika papo hapo. Ukali wa kahawa una viwango vitatu, joto nalo vitatu, na kiasi unaweza kukifundisha: shikilia kitufe cha kinywaji sekunde tatu, acha imimine, ikifika unapotaka isimamishe, nayo itakumbuka. Espresso yangu nimeipunguza ikawa fupi. Ya americano sijaigusa.

Punje za kuweka ni zile za kukaangwa kiasi, kahawia, kavu juu. Niliwahi kununua nyeusi tii zenye mafuta yanayong'aa. Ziligandana ukutani mwa chombo, nikawa nazisukuma kwa mwiko wa mti. Sizirudii. Ukipata zilizoandikwa PB chukua. Hiyo ni kahawa ambayo tunda lake lilizaa punje moja ya duara badala ya mbili bapa, na nyumbani tulikuwa tunaziokota kichanjani kuchezea. Chombo kinaingia gramu 275.

Maziwa ndiyo yaliyowateka watoto. LatteGo ni kikombe cha plastiki cha vipande viwili tu, hakina mpira wala bomba ndani. Unakibandika mbele, mvuke unayazungusha maziwa humo humo, povu linamwagika juu ya kahawa. Ukimaliza unavitenganisha na kuviosha kama bakuli. Nimeona mashine nyingine zenye vimipira vya kunyonyea maziwa, na kwa joto letu, maziwa yakilala humo usiku mmoja tu asubuhi unanusa balaa. Mimi nanunua maziwa ya ng'ombe kwa jirani, nayachemsha, nayalaza kwenye friji, nayachuja utando. Yawe baridi kabisa. Ya uvuguvugu hayafanyi povu la maana. Povu lake ni la mapovu makubwa kidogo kuliko la hoteli, hilo nalisema wazi, na anayetaka kuchora majani juu ya kikombe atafute mashine yenye bomba la mvuke.

Mume wangu ni mtu wa Tanga. Kwake kahawa ni ile ya birika la dele, chungu, na tangawizi, kwenye kikombe kisicho na mkono, kando kashata. Aliniuliza, "Mama Neema, hii tangawizi unaitia wapi?" Haitiwi. Kuna tundu la kahawa ya unga, kijiko kimoja tu kwa kikombe kimoja, na halitaki kitu kingine chochote. Tunachofanya siku hizi nachemsha tangawizi na iliki kwenye sufuria ndogo, namwongezea juu ya espresso. Anaikubali jioni za Jumamosi. Siku nyingine anarudi kwenye dele lake, na kwa kahawa ile ana haki, kwani ni ya kuchemka polepole juu ya mkaa, ambayo kitufe hakiwezi kuileta.

Pasaka Mama alikuja na nusu kilo aliyoitenga kwenye mavuno yake. Alikuwa ameitwanga kwenye kinu kutoa maganda, akaipepeta, akaikaanga kikaangioni. Kabla sijaimimina niliichambua kwenye sinia kama mchele, na nilipata vijiwe viwili. Ninyi mnaoletewa kahawa ya nyumbani, lisikilizeni hili: kijiwe kimoja kinatosha kuvunja kinu cha kauri. Punje zilikuwa za rangi tofauti tofauti, nyingine zimeungua, na kikombe kilikuwa na moshi. Mama alikunywa chote. Akauliza, "Ndiyo ile ya juu, ya pale kwenye migomba ya baba yako?" Nikamwambia ndiyo. Akaomba kingine, nikambonyezea aone, akacheka inavyonguruma ikisaga.

Inanguruma kweli. Saa kumi na moja alfajiri nyumba nzima inajua mimi nimeamka.

Usafi hauna ujanja. Ikiwashwa inajisuuza kwa maji ya moto, kwa hiyo weka kikombe chini ya mdomo wake. Sanduku la machicha limwage mashine ikiwa imewaka. Ukimwaga imezimwa haihesabu, na kesho itakudai umwage sanduku tupu. Mlango wa ubavuni unafunguka, unachomoa ile sehemu nzima inayopikia kahawa na kuiosha kwa maji ya bomba kila wiki bila sabuni, unaiacha ikauke. Kila miezi miwili inapakwa grisi yake. Nilichelewa mara moja kuiosha wiki tatu, wakati wa mvua, nikakuta ukungu mweupe umeanza pembeni. Sasa Jumapili nikitoka kanisani ndiyo kazi ya kwanza. Machicha yenyewe nayatia kwenye ndoo ya mboji. Mchicha wa nyuma unayapenda.

Kama nyumbani kwako anakunywa mtu mmoja, kikombe kimoja kwa siku, sikushauri. Chujio la kitambaa na kahawa iliyosagwa vizuri vitakutosha. Sisi ni wanne na wageni hawakauki, na hadi sasa haijatuangusha. Dada anarudi Desemba. Nimemwagiza vichujio viwili na tyubu moja ya grisi, maana hapa nilizunguka Kariakoo siku nzima nikavikosa.